Nilivyompangusa Vumbi Bibi Mwanatumu

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, mvua inanyunya, inaacha, inanyunya tena.

Aibu hii naiandika leo hii hii kabla sijaanza kuipunguza, maana najijua.

Makumbusho ya chuo chetu hapa Msambweni ni vyumba viwili tu, na kibarua cha wanafunzi kilichotangazwa ni cha mtu mmoja, miezi mitatu, nami nilikitaka mpaka usingizi ukanipaa (alama zangu si za kujivunia, nikikosa hapa sijui nani mwingine angenipokea). Tulibaki wawili, mimi na Riziki, ambaye kusema haki ananishinda kwa maneno, na hata kalamu ya kujazia fomu aliniazima yeye. Leo tuliitwa tujaribiwe.

Naingia asubuhi, mlangoni namwona mama kavaa leso, kainamia kinu, nikamwamkia, "Shikamoo." Kimya. Nikapandisha sauti, "Shikamoo, mama!"

Riziki akashika mbavu. "Mejumaa, hiyo ni sanamu! Lakini endelea, labda ya tatu ataitikia."

Basi hapo nikaamua, uamuzi mdogo tu, kwamba humu ndani leo simwamkii asiyetangulia kusema.

Msimamizi wetu, Bi Zaina, akampeleka Riziki kupanga viti nje barazani, mimi akanipa brashi ya manyoya. "Pangusa kila kitu, wageni wako njiani. Na Bibi Mwanatumu anakuja kuwaonyesha hando linavyofungwa. Nusu ya vitu hivi katupatia yeye, kwa hivyo adabu, tafadhali."

Nikapangusa vinu, vifumbu vya kuchujia tui, mbuzi za kukunia nazi, nikafika pembeni kwenye sanamu ya bibi kizee, imeketi kigodani na hando lake (ile sketi ya marinda mengi ya bibi zetu), macho yamefumba, nikasema moyoni, hawa watu ni mafundi, hata makunyanzi wameyatia! Nikapangusa mabega, nikapangusa kilemba, na kwa kuwa nilitaka kazi yangu ionekane nikakigeuza kichwa nipate nyuma ya masikio, kisha brashi nikaipitisha puani.

Sanamu ikapiga chafya.

Niliruka kinyumenyume mpaka kwa yule mama wa kinu, tukaanguka sote wawili tumekumbatiana, na wakati huo huo ndipo wageni wakaingia, wanafunzi wa shule kutoka Kinango, na msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, tumwangalie yupi?"

"Mejumaa!" Bi Zaina alisema hilo tu, nikajua kibarua kimekwenda.

Kumbe Bibi Mwanatumu alifika mapema, akaketi kungoja, usingizi ukamchukua. Akajifuta pua. "Vumbi nimekusamehe, mwanangu, lilikuwapo. Lakini umenigeuza kichwa kama dafu la sokoni na shikamoo hukunipa!"

Nikampa shikamoo yake, nikamweleza yote, hata yule niliyemwamkia mara mbili. Alicheka nusura hando lifunguke.

"Zaina, huyu mpe kazi. Hata sanamu anaiamkia! Na masikio yangu hayajapata usafi huu tangu niolewe."

Bi Zaina aliandika jina langu, kwa sharti kwamba kila asubuhi niwaamkie wote humo ndani, wanaopumua na wasiopumua, kwa sauti. Lakini sitaki kujidanganya, viti vya Riziki vilikuwa vimenyooka, yeye hakuvunja adabu ya mtu, na chafya si mtihani. Nilimwambia hivyo. "Nenda zako, mwamkia sanamu," akasema, akacheka, ila macho hayakucheka. Kesho nitamrudishia kalamu yake, na sijui nitamwambia nini.

Ninachojua ni kwamba sitapita tena mbele ya aliyeketi bila kumwamkia, awe mtu, awe gogo. Nilipomsimulia mama jioni, aligoma kupakua mpaka niiamkie sufuria. Nikaiamkia. Tukala sima, mchicha wa nazi na kipande cha papa mkavu.