Paneli ya mama niliifanya ilipe jua kisogo

Leo nimeshindwa mjadala na mkeka wa ulezi.

Mnakumbuka Aprili nilivyomwandika hapa Fundi Deo, aliyemfungia mama yangu sola kule Mpui? Paneli aliielekeza kaskazini. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kinachosema itazame kusini. Nikamwita kanjanja, nikamlazimisha aigeuze.

Mkacheka sana.

Tangu baridi ianze, taa ya mama inazimika kabla hajamaliza rozari. Leo nikaenda Mpui na hasira zangu, tayari kumwandika Deo mara ya pili.

Nikamkuta mama anaanika ulezi mkekani, amejibana upande mmoja wa nyumba.

"Shikamoo mama. Mbona kule nyuma kuna nafasi tele?"

"Marahaba. Kule hakuna jua. Miezi hii linapita upande wa Namanyere. Vitabu vyote hivyo, hata hilo hujui?"

Namanyere iko kaskazini.

Nikatazama bati. Paneli imelipa jua kisogo, miale inaipitia ubavuni na kuteleza. Kitabu changu kiliandikiwa Ulaya, ambako jua hukaa kusini.

Nikampigia Deo. Akaja, akaigeuza kaskazini. Akashuka, akapangusa mikono.

"Mzee, tangu uniandike hakuna aliyeniita kazini. Basi niandike tena."

Nimechoka, jamani. Hata kubishana sina hamu.

Deo alikuwa sahihi. Mimi ndiye kanjanja. Mliocheka Aprili, chekeni tena, kisha mpigieni simu.