Raivo Wangu wa Mfereji

Vumbi la kijiji chetu cha Burat likipata maji hutoa harufu tamu inayokufanya utake kulilamba, na mimi, sifichi, nililamba. Harufu hiyo ilitujia kila zamu yetu ilipofika na maji ya mfereji yakaingia shambani. Miaka ya sabini hiyo, na kiangazi kile kilikuwa kikali, mfereji umebaki mwembamba kama mkia wa mbuzi. Mbuzi wetu nao walikuwa na vituko vyao, lakini tuwaache. Sisi Waborana tulipakana na nyumba ya Waturkana, ya Mama Akiru. Siku moja mama yangu alimkuta amefungulia maji katika zamu yetu. Yaliyosemwa pale siyaandiki. Nikakatazwa kuonekana na mwanawe Akiru, rafiki yangu ambaye tuligawana naye hata hindi moja la kuchoma.

Shule niliionja tu, kabla mbuzi hawajaniita. Neno moja ndilo nililotoka nalo. Kiangazi kilekile wavulana walibishana darasani juu ya mpira, timu ya Burat na ya Chechelesi, wakiitana raivo, yaani mpinzani, kama walivyosikia redioni. Padri Mwitaliano aliyetufundisha Kiingereza akacheka. Akasema Waingereza walilitoa neno hilo kwa Kilatini, nalo lilizaliwa na rivus, kijito. Raivo wa kwanza alikuwa mtu mnayetumia naye mkondo mmoja wa maji.

Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa akizibua mfereji. Nikamweleza huku nikihema.

“Hao Walatini nao walikuwa na kiangazi?”

“Padri anasema walikuwa na mifereji.”

“Na wanawake wenye vichwa vigumu?”

“Hilo hakusema, mama.”

Alicheka mpaka akaegemea jembe, kisha akapaza sauti juu ya ua. “Mama Akiru, padri amekutafutia jina. Njoo na jembe, matope ni mengi.”

Jibu likatoka upande wa pili: “Matope hayo si ya ng'ombe wenu?”

Lakini alikuja, na Akiru nyuma yake akiburuta jembe lililomzidi kimo. Wagombanao ndio wapatanao. Sote wanne tulizibua mfereji, tukarushiana matope mpaka hakuna aliyejua Mborana ni nani.

Siku hizi kila boma lina bomba lake, na maji yakikatika kila mtu hununa peke yake. Isipokuwa mimi na Akiru, wazee wawili. Simu inalia asubuhi, naye ni Mkristo na mimi Mwislamu, ananitania: “Raivo, salaam aleikum. Kwenu yametoka?”

“Bado.”

“Basi lete mtungi.”

Nami hubeba, hata siku ambazo kwangu yametoka.