Kilio cha Dada Yangu Si Burudani

Juzi nilialikwa hoteli moja ya Kikambala kutazama sanamu. Ukumbi ulikuwa umefungwa mapazia mchana kweupe, na mbele wamesimama wanawake watano wa chokaa. Kijana mwenye mitambo akawamulika kwa picha za mwanga, ukaona machozi yanawateremka na vinywa vinafunguka kufuata wimbo wa kilio cha mwanamke. Ufundi anao, simnyimi.

Kisha nikaijua ile sauti. Ni ya marehemu dada yangu, akimlilia mwanawe siku ya maziko kule Jilore.

Nikamwendea yule kijana. "Umeitoa wapi?"

"Shikamoo, bibi. Niliirekodi kwa simu, matangani."

"Ulimwomba?"

"Alikuwa analia, bibi. Ningemwombaje?"

"Ungengoja anyamaze. Zima."

Akazima. Wageni wakaguna, wakanitazama kama niliyewamwagia chai. Naye akauliza kwa upole, "Sasa niweke sauti gani?"

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, bibi."

"Basi ngoja afiwe, umrekodi yeye."

Akainamisha kichwa. Nanyi mnaokuja matangani kwetu, simu zikae mfukoni. Siku hiyo twahitaji mikono ya kuteka maji.