Mkono wa Kulia na Bodi Iliyoungua

Kaka yangu alikuja kutoka kwetu Ukerewe kunichukua. Hakuja kunitembelea, alikuja kunichukua, na alikuwa ameshakubaliana na shangazi zetu kuhusu chumba nitakacholala.

Mwaka ule nilipata kiharusi. Hakikuwa kile kikubwa cha kumlaza mtu moja kwa moja. Niliamka asubuhi nikashindwa kushika mswaki, nilipojiangalia kwenye kioo mdomo ulikuwa umeenda upande. Baada ya hospitali na mazoezi ya kuchosha, mguu ulirudi. Mdomo ukarudi. Mkono wa kulia nao ulirudi, ila ulirudi ukiwa unatetemeka, hasa pale ninapotaka utulie.

Mimi ni fundi simu. Siyo wa kubadilisha vioo tu. Nilikuwa fundi wa bodi, yaani ile saketi ya ndani yenye vipande vidogo kuliko punje ya ulezi, ambavyo lazima uviangalie kwa hadubini ndipo ujue kipi ni kipi. Mafundi wengine wa pale Mirongo, mtaa ninaofanyia kazi, walikuwa wananiletea simu zilizowashinda.

"Ukae nyumbani, ulime bustani kidogo, ufuge na kuku," kaka alisema akiwa amekaa sebuleni kwangu na kikombe cha chai. "Kazi yako ni ya mikono. Na mikono yenyewe ndiyo hiyo."

"Hata kulima ni kwa mikono," nikamjibu.

"Usinifanyie utani. Watu wanakuonea huruma."

"Waambie waache."

Alipanda meli peke yake. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alimsindikiza mpaka bandarini, na aliporudi hakuwa na raha. "Sikusemi kwa kukataa kwenda," aliniambia. "Lakini sijasema pia kwamba urudi Mirongo." Wiki iliyofuata nikarudi Mirongo.

Fremu yetu ya duka tulikuwa tunachangia watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika chuma cha kuchomelea. Alinipokea vizuri. Tena vizuri mno. Alikuwa amenifutia meza, amenitafutia kiti chenye mto, na kazi alizonipangia zilikuwa kubandika plastiki za kulinda vioo na kuuza makava. Simu za bodi zilikuwa zinapita mbele yangu kwenda kwake kama sahani ya wageni inavyompita mtoto. Kila mteja alipoingia yeye ndiye aliyewahi kusimama. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kugombana naye.

Siku moja alikuwa ameenda Makoroboi kununua vipuri, nikabaki peke yangu. Akaingia mama mmoja mtu mzima, mwembamba, kitenge chake kinanuka samaki wakavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi ni wewe?"

"Ni mimi."

Akafungua fundo la khanga na kutoa simu iliyokuwa kwenye mfuko wa nailoni. Aliniambia habari yake bila haraka. Alikuwa anauza samaki wakavu Kirumba. Alivuka kwenda Busisi kufuata mzigo, siku hizo watu bado walikuwa wanavuka kwa kivuko, daraja halijafunguliwa, na wakati wa kushuka simu ikamponyoka ikazama pembeni ya gati. Mvuvi mmoja akaizamia na kuitoa. Fundi wa kwanza aliyemwendea aliipuliza kwa moto mpaka ikatoa moshi, akamwambia itapona. Wa pili aliifungua tu akamwambia atupe.

Niliitoa bodi nikaiweka chini ya hadubini. Maji yalikuwa yameacha ukungu wa kijani kwenye kona moja. Hapo jirani pameungua, pamekuwa rangi ya kahawia, na kituo kimoja kidogo cha shaba ambacho chipu ya umeme hukalia kilikuwa kimebanduliwa kabisa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona mtu alikuwa na haraka."

"Itapona?"

"Sijui, mama."

Akaniangalia usoni. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui."

Nikamuuliza kuna nini ndani ambacho anakihitaji hivyo, maana simu yenyewe ilikuwa ya bei ya kawaida. Akasema ni picha za nyumba yake ya Kiseke. Aliijenga mwenyewe kwa samaki, hana mume, na kaka zake walimwambia mwanamke peke yake hajengi, mafundi watamla mpaka abaki na msingi. Kila hatua alipiga picha.

"Lakini nyumba si ipo, mama? Si unalala humo?"

"Ipo. Ila nyumba ikishaisha haisemi ilivyojengwa. Siku hizi wanakuja, wanakula, wanasema dada ana bahati. Bahati!" Akagonga meza kwa kidole. "Mimi nataka kuliona lile shimo la msingi."

Wakati huo mkono wangu ulikuwa juu ya meza unafanya vituko vyake. Aliutazama wazi wazi, bila kujificha kama wengine.

"Huo una nini?"

"Kiharusi."

"Unauma?"

"Hauumi. Unanidharau tu."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha simu, akaniandikisha namba ya jirani yake wa sokoni, akaondoka.

Mwenzangu aliporudi na kuona ile bodi mbele yangu, aliweka vipuri chini polepole.

"Kaka, hiyo niachie mimi."

"Nimeipokea mimi."

"Najua. Lakini tazama ilivyokaa, chipu ya kumbukumbu ipo hapo hapo jirani. Ukiteleza kidogo tu, picha za mama wa watu zimekwenda."

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki. Nikachukua simu yangu, nikampigia yule mama kupitia kwa jirani, nikamweleza yote, kwamba mwenzangu ana mkono mzima na mimi sina, kwa hiyo aamue yeye. Kulikuwa na kelele za soko.

"Simu nilimpa nani?" akauliza.

"Mimi."

"Basi." Akakata.

Nilianza kwa kutafuta shoti, yaani mahali umeme unapovuja badala ya kupita njia yake. Unapuliza moshi wa rosini, ule utomvu mkavu wa kuchomelea, juu ya bodi mpaka inakuwa nyeupe kama imepakwa unga, halafu unaingiza umeme kidogo sana. Kipande kilichokufa kinapata joto, na ule weupe unayeyuka juu yake peke yake. Kazi hii haihitaji mkono uliotulia, inahitaji macho, na macho yangu hayakuugua. Nilikiona kile kipande kikilowa. Nikamwita mwenzangu aone. Akaona, akatikisa kichwa kwa kukubali, na mimi nikajiona nimepona.

Kiburi hicho hakikufika mbali. Nilichukua kipulizio cha hewa ya moto ili nikitoe kipande kibovu, nikakisogeza vizuri, nikashusha pumzi, na mkono ukaruka. Kipande kibovu kiliondoka, lakini kiliondoka na majirani zake watatu waliokuwa wazima. Kimoja kilidondoka chini na sikukiona tena. Mwenzangu alivuta pumzi kwa nguvu, akainama kukitafuta. Bora angenigombeza. Nilizima vyombo, nikatoka nje, nikaenda kusimama kwenye daraja la Mto Mirongo nikitazama maji machafu na chupa za plastiki, nikautukana mkono wangu kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma alihamisha jiko lake mbali kidogo.

Nyumbani mke wangu alijua kabla sijasema. Alikuwa anashona sare za kwaya, akasimamisha cherehani.

"Imekushinda?"

"Haijanishinda. Imenipiga."

"Hebu nioneshe unavyofanya."

Nikachukua sindano yake nikaishika kama ninavyoshika kibano, nikaelekeza kwenye kifungo kilichokuwa mezani. Ncha ikawa inacheza huku na huku. Yeye hakuitazama ncha. Alikuwa ananitazama juu zaidi.

"Siyo kiganja," alisema. "Kiwiko ndicho kinachocheza. Kiganja kinafuata tu." Akakishika kiwiko changu kwa mikono miwili, akakikandamiza mezani kwa uzito wake wote. "Jaribu tena."

Ncha bado ilitetemeka, ila ilitetemeka ndani ya mduara wa kifungo, haikutoka.

Aliweka sare za kwaya pembeni. Alichukua mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, akaushona ukawa mfuko mrefu wenye mikanda miwili. Tulishuka pamoja mpaka ufukweni, tukajaza mchanga wa ziwani. Njiani kurudi, mimi nikiwa nimebeba ule mzigo begani, alisema, "Nilikuwa nakubaliana na kaka yako, ujue."

"Najua."

"Bado sijaacha kabisa."

"Sawa."

Asubuhi nilijifunga mfuko ule mbele ya mwenzangu na mbele ya wateja. Mkono wote wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mchanga na kukazwa kwa mikanda kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mteja mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ni mgonjwa. "Ndiyo," nikamwambia, "na wewe shida yako nini?"

Nilitafuta vipande vya kufidia kwenye bodi ya simu nyingine iliyokufa, nikavirudisha kimoja kimoja. Kilichobaki kilikuwa ile kazi ngumu yenyewe, pale palipobanduliwa. Ilibidi niunganishe waya mwembamba kuliko unywele, kutoka kwenye mzizi wa shaba uliobaki mpaka chini ya chipu, bila kugusa kitu chochote kilichopo kati. Waya nilishika kwa kibano kwa mkono wa kushoto. Chuma cha kuchomelea nilikishika kwa kulia.

Nilikosa. Nikakosa tena. Risasi ya kuchomelea ilimwagika pasipotakiwa, nikaisafisha, nikaanza upya, shingo ikauma, jasho likaingia machoni. Mwenzangu alileta soda akaiweka pembeni, akarudi kwenye kazi yake. Katika kukosa kule ndipo nilipogundua kitu ambacho hospitali hawakuniambia. Mtetemo ule hauendi mfululizo. Unatikisa, unatikisa, halafu unapumzika kidogo sana, kama mtu anayekohoa anapovuta pumzi. Kwa miezi yote ile nilikuwa napigana nao niunyamazishe. Sasa nikaacha kupigana. Nilishikilia ncha ya chuma juu kidogo ya mahali pake, nikausikiliza mkono wangu, na ulipopumzika nikagusa.

Waya ukashika.

Sikushangilia. Niligusa upande wa pili kwa njia hiyo hiyo, nikafunika kwa gundi ya kukaza, nikarudisha bodi kwenye mwili wa simu, nikaunganisha betri niliyoichajia pembeni. Nikabonyeza. Mshale wa mita ya kupimia umeme ukapanda, ukaanguka, halafu ukapanda tena na kubaki juu. Kioo kilichopasuka kikawaka upande mmoja.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Usiizime," alisema. "Usiiguse kabisa. Tuhamishe picha kwanza." Akaleta waya wake na kompyuta yake, na hapo tulifanya kazi wawili kama zamani, yeye akinakili na mimi nikiwa bado nimefungwa kwenye mfuko wa mchanga, kwa sababu sote tulisahau kunifungua.

Yule mama alikuja akitokea sokoni moja kwa moja. Tulimpa kiti chenye mto. Alishika simu kwa mikono miwili, akaanza kupitisha picha, na hakulia kama nilivyotarajia. Alikuwa anasema nazo.

"Hili ndilo shimo. Limejaa maji, mnaona? Hapa kaka yangu mkubwa alisema msingi utaoza." Akapitisha. "Huyu ni fundi wa matofali, amelala juu ya mchanga saa nne asubuhi. Nilimpiga picha ili asije akakataa." Akapitisha. "Hapa hakuna bati. Niliishi hivi na turubai." Akafika kwenye picha yake mwenyewe, amesimama katikati ya fremu ya mlango isiyo na mlango, matope mpaka magotini, mkono mmoja kiunoni. Akaitazama kwa muda. Kisha akainuka, akamwonesha mwenzangu. Akamwonesha mteja aliyekuja kununua chaja. Akatoka mlangoni akamwonesha mwenye duka la jirani ambaye hakumjua kabisa. "Ni mimi huyu," tukamsikia anasema. "Mwangalie vizuri."

Aliporudi nilimpa kadi ya kumbukumbu yenye picha zote, nikamwambia ukweli kuhusu simu. Inawaka, inasoma laini, lakini haichaji. Umeme unaingia mpaka njiani unapotea, na sijajua ni wapi.

"Basi ibaki," alisema. "Hiyo nayo uitengeneze. Ikikushinda uniambie, niache kusubiri."

Alinunua simu nyingine ya kutumia. Ile ya kwanza ipo kwenye droo yangu. Tangu siku ile mwenzangu haruki tena kusimama mteja anapoingia, na kazi za bodi tunagawana, ingawa nyingine bado zinanishinda na mkono bado unatetemeka, hasa baridi ya Julai inapotoka ziwani. Kila kazi inapopungua naifungua droo, najifunga mkanda, naitafuta ile njia ya chaji. Nimeshabadilisha tundu, nimebadilisha chipu, nimeweka waya mwingine. Kila nikipita Kirumba mama ananiuliza kwa mbali, huku anapima samaki, "Imekushinda?"

"Bado," najibu, na naendelea kutembea.