Dakika Arobaini za Ukaguzi

Miaka ya tisini, madukani kulipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, nilirudi kutoka masomoni ng'ambo nikiwa na shahada, makoti mawili yasiyovalika Dar es Salaam, na kompyuta kuukuu niliyoisafirisha ndani ya blanketi. Niliiweka sebuleni kwetu Kinondoni, juu ya meza ya chakula, sisi tukahamia kula mkekani. Sikuona ubaya. Mtaa mzima ulikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa yangu.

Baba alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa karani mpiga taipu serikalini, na sifa aliyojipa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyempa, ni kwamba barua yake haikuwahi kutoka ofisini ikiwa na neno lililofutwa. Akikosea herufi moja alichomoa karatasi, akaanza upya. Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Siku moja aliniona nikifuta sentensi nzima kwenye skrini, pasibaki hata alama. Akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Hii inafaa," alisema. "Nataka tumwandikie dada yako."

Dada yangu alikuwa Mwanza. Alikuwa ameolewa kanisani, na baba, mtu wa msikitini tangu utoto, hakuwa amemtamkia neno kwa miaka sita. Barua za dada zilikuja. Baba alizisoma, akaziweka chini ya godoro, asijibu. Sasa alitaka kujibu, na jibu lisiwe na doa.

Mtu wa kawaida angewasha mashine akaandika. Mimi nilikuwa msomi. Wiki zilezile, pale chuoni nilipofundisha, virusi vilivyoingia kwa disketi vilikuwa vimefuta tasnifu nzima ya mwenzetu, na nilimwona mtu mzima akilia mbele ya skrini. Nilikuwa na programu ya kukagua virusi, nikaanza kwa kukagua mara moja kwa wiki, kila Ijumaa. Nikaona wiki ni ndefu mno. Nikafanya kila baada ya siku mbili. Mwishowe nikaandika amri ya kuifanya mashine ijikague yenyewe kila inapowashwa, faili moja baada ya jingine, dakika arobaini.

"Wewe kagua disketi zinazoingia tu," mwenzangu mmoja ofisini alinishauri. "Diski ya ndani iguseguse mara moja moja."

Nilimwona mzembe.

Nilichosahau ni mgao wa umeme. Kwetu umeme ulirudi saa tisa mchana na kuondoka saa kumi na mbili. Baba naye aliamka kutoka usingizi wa mchana saa hiyohiyo, na ikifika saa kumi na moja ulimi ulianza kumwia mzito. Umeme ukikatika katikati na kurudi, ukaguzi ulianza upya tangu faili la kwanza. Kwa hiyo tukawa tunakaa tu. Baba kwenye kiti cha mikono, kofia kichwani, mimi nikitazama majina ya mafaili yakipita.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" aliuliza.

"Bado anapimwa, baba."

"Jana si kapimwa, akaonekana mzima?"

"Mzima kabisa."

"Mie hospitali wameniambia nirudi baada ya mwezi. Huyu kila siku! Bora ningezaliwa kompyuta."

Tukacheka. Karatasi zilikuwapo ndani, na kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Lakini baba alitaka ile barua isiyofutwafutwa, nami nilitaka mashine isiyo na virusi. Tulikuwa baba na mwana kwelikweli.

Kilichobaki cha kila mchana tulikitumia kwenye salamu. Siku tatu zilipita tukitafuta namna ya kumwita. "Kwa Bibi" ikawa kali. "Kwa binti yangu" akasema ni ya karani wa mahakama. Siku ya nne akasema "Kwa mwanangu mpenzi," kisha akageuza uso dirishani, nami nikajifanya natafuta herufi. Siku ya tano tuliongeza mistari michache, ulimi ukamchoka katikati ya sentensi, nikaihifadhi hivyo hivyo.

Mchana wa mwisho umeme ulichelewa hadi saa kumi. Ukaguzi ulianza, umeme ukakatika, ukarudi, ukaguzi ukaanza tena. Ulipomalizika baba alikuwa amelala kitini. Sikumwamsha. Nakumbuka hata niliridhika, maana hakikuonekana kirusi hata kimoja. Kesho yake kiharusi cha pili kilimkuta akitawadha, na alasiri ile ile tulimzika.

Dada alifika siku mbili baada ya mazishi. Alilia na kina mama ndani, kisha akaja sebuleni, macho yamevimba. Nikamwambia baba alikuwa akimwandikia barua. Alinishika mkono mpaka ukauma. Nikawasha mashine.

"Inafanya nini?"

"Inajikagua kama ina virusi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Dakika arobaini hivi."

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "nimekaa kwenye treni siku mbili."

Chini ya skrini palikuwa na mstari mdogo ulioeleza kitufe cha kubonyeza ukitaka kusimamisha ukaguzi. Ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi. Nikakibonyeza, na ukaguzi ukakoma papo hapo, bila ubishi wowote.

Barua ilisema: "Kwa mwanangu mpenzi. Assalaam aleikum. Mimi sijambo kidogo, wasiwasi wangu ni juu yako, mumeo na watoto. Ama baada ya salamu, nimekaa nikafikiri, nikaona"

Dada aliweka kidole kwenye skrini, juu ya neno "mumeo", akakiacha pale.

"Akaona nini?"

"Hakufika."

"Lakini wewe ulikuwa naye. Hakukwambia alitaka kusema nini?"

Nilifikiria michana yote ile, viti viwili vimekaribiana, na mambo tuliyozungumza tukisubiri: bei ya sukari, mpira, mgonjwa wangu. Hilo moja sikumwuliza. Nilidhani litakuja lenyewe, zamu yake ikifika.

"Sijui, dada," nilisema. "Nilikuwa naye kila siku."