Lori Lililozimika Siku za Mzigo

Asubuhi ile naikumbuka hata leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyomponza mtu mzima kwa mzaha. Ilikuwa Ifakara, miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, na mimi kijana wa Kipogoro niliyeshuka kutoka Mahenge nimeshakabidhiwa usukani wa lori la tajiri mmoja wa mpunga. Siku hizo dereva alikuwa mtu! Ukipita sokoni wasichana wanakuangalia, wazee wanakupisha. Kichwa kilinivimba, nakwambia ukweli.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka mpunga Kilosa, kwenye stesheni ya reli. Barabara ya Mkula na Kidatu ikinyeshewa inakuwa tope tupu, kwa hiyo tulipakia magunia jioni, tukalirudisha lori kinyumenyume mpaka nyuma yake ikaribie kugusa ukuta wa ghala, mwizi asipate pa kupenya. Alfajiri tunaondoka. Ndivyo walivyofanya madereva wote wa mpunga.

Basi lori likaanza vituko. Kuna asubuhi unaliwasha mara moja linanguruma. Kuna asubuhi unakuta betri imekufa kabisa. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono ilikuwa imevunjika zamani, kwa hiyo dawa ilikuwa moja tu: kushusha magunia yote, kulisukuma lori kwenye tope mpaka liwake, halafu kupakia upya. Wapakiaji walinilaani kwa lugha zote za bonde lile.

Nikasafisha vichwa vya betri, nikaongeza maji, nikaazima betri nyingine. Mambo yakawa yaleyale. Nikapima. Ukitaka kujua kama gari linakula umeme likiwa limezimwa, chomoa waya mmoja wa betri, kisha uguse nao palepale ulipotoka. Cheche ikiruka, kuna kitu kinakula. Niligusa mara tatu, cheche hakuna. Nikajisemea, lori ni zima, mwenye kosa ni mtu.

Na mtu mwenyewe nani, kama si mlinzi? Mlinzi wetu alikuwa Mzee Komba, Mngoni wa Songea, umri wa baba yangu. Wapogoro na Wangoni ni watani, hilo unalijua. Kila asubuhi akiniona anasema, "Mtumwa wangu, umeamka?" Nami namjibu, "Mwizi wa ng'ombe wewe, leo umeiba wapi?" Tunacheka, tunakula ugali sahani moja. Kibanda alichoishi na mkewe kilikuwa cha tajiri, pale pale uani, kwa hiyo kwake kupoteza kazi ilikuwa kupoteza na nyumba.

Asubuhi ninayokwambia, betri ilikuwa imekufa tena na tajiri akaja mwenyewe, amefura. Akauliza ni nini kinachoimaliza. Mimi, mbele ya wapakiaji, nikapaza sauti: "Muulize huyu Mngoni! Ng'ombe wa babu zangu aliiba wakaisha, sasa anaiba umeme. Usiku anawasha taa za lori kutishia nguruwe pori!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Komba naye alicheka, akaanza kutafuta tusi la kunirudishia. Tajiri hakucheka. Alikuwa mtu wa kuja, utani wetu haujui, na alichosikia yeye ni mashtaka. Akamgeukia Komba, "Wiki hii ikiisha, nikukute umehama."

Komba akaniangalia. Alikuwa ananingoja, mwanangu. Neno dogo tu lingetosha: tajiri, huu ni utani. Mimi nikanyamaza. Wala sikuwa nimeshikwa na butwaa, usinitetee. Nilinyamaza kwa sababu lawama ya lori ilikuwa imenitoka mgongoni, na nikaona raha.

Siku ya tatu akapita Fundi Salumu, mzee wa kijiji cha Mofu aliyenifundisha kazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Nasikia umekamata mwizi wa umeme."

"Nilipima, fundi. Cheche hakuna."

"Ulipima lini?"

"Tulipokwisha kulisukuma."

"Likiwa na mzigo au tupu?"

"Tupu."

"Na betri inakufa lori likilala na mzigo au likilala tupu?"

Lo! Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kila asubuhi mbaya ilikuwa asubuhi ya mzigo. Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

"Mtu anaumwa mgongo akibeba," fundi akasema, "wewe unampima amelala kitandani." Kisha akamwita Komba, kwa adabu. "Baba, wewe ndiye unayekesha na lori hili. Umeona nini?"

"Likiwa limepakiwa naona wekundu kule nyuma, ukutani," Komba akajibu. "Nilidhani ndivyo lilivyo. Hakuna aliyeniuliza."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukapakia magunia mchana ule ule, nikachomoa waya wa betri, nikagusa. Cheche ikaruka! Fundi akaniamuru nifungue nyaya za taa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikiufungua naigusa tena betri. Nilipofika waya wa taa ya breki, cheche ikakoma. Nikalala chali kwenye tope nikaingia chini ya lori. Ukikanyaga breki, swichi ya taa ile ilikuwa inavutwa na springi ndogo iliyofungwa kwenye fimbo ya breki. Springi yenyewe ilikuwa imekatika wiki kadhaa nyuma, na mahali pake palikuwa na kipande cha waya wa senyenge kilichokazwa kweli kweli. Lori likiwa tupu, waya unalegea. Magunia yakililemea, fremu ya lori inashuka, waya unakazika na kuvuta swichi kama vile mtu amekanyaga breki, taa inawaka usiku kucha na kutazama ukuta.

"Nani alifunga waya huu?" fundi akauliza.

"Mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipa koleo akasema, "Nyani haoni kundule. Ulichofunga kwa mkono, kifungue kwa mkono. Na ulichoharibu kwa mdomo, kitengeneze kwa mdomo, mbele ya wale wale waliocheka."

Nikaenda. Nikamwambia tajiri, wapakiaji wote wanasikia, kwamba kosa ni langu, kwamba niliyoyasema yalikuwa utani na nilijua ni utani. Komba akarudishiwa kazi yake. Nikamwomba msamaha, akasema, "Nimekusamehe," na najua alisamehe kweli, hakuwa mtu wa kinyongo.

Lakini kesho yake asubuhi aliniambia, "Habari za asubuhi, dereva?" Basi. Nikamchokoza, nikamwita mwizi wa ng'ombe, akatabasamu kama unavyomtabasamia mgeni. Ikawa hivyo mwaka mzima. Mama yangu alipofariki, watani wa Kingoni walikuja kuvuruga msiba kama desturi, wakaficha jembe la kaburi, wakatufanya tucheke huku tunalia. Komba alikuja pia. Akanipa mkono, akasema pole sana, akaondoka. Nililia siku ile, na si kwa ajili ya mama peke yake.

Sasa wewe umekuja na kigari chako cha zamani, betri leo inaisha, kesho haiishi, na tayari umeshamtaja shemeji yako kuwa anawasha redio. Haya, nisikilize. Lipime gari likiwa katika hali ile ile inayoliua. Kama ni baada ya mvua, pima limelowa. Kama ni baada ya safari, pima likiwa bado la moto. Fungua waya mmoja mmoja bila haraka, ukianzia pale ulipochokonoa wewe mwenyewe mara ya mwisho. Muulize anayeshinda nalo ameona nini, hata kama hajui koleo ni nini. Na ulimi wako uuchunge, maana mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ukiona neno lako la mzaha limeshikwa kuwa kweli, lisahihishe palepale, kabla mwenzako hajageuza shingo kukutazama. Ukichelewa atakusamehe, ila hatakuchokoza tena.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono wenye subira na ulimi mwepesi wa kukiri, na watani wako wakutukane mpaka uzeeni.