Mwewe wa Chumba cha Mama Mkwe

Wapo wapiga picha za ndege wanaoamka alfajiri, wakavaa mabuti, wakashuka bondeni kwenye matope kumngoja ndege asiye na habari nao. Nawaheshimu. Mimi mwewe wangu niliwapiga picha nikiwa nimevaa bukta, kikombe cha chai mkononi. Bonde la Mto Don liko hapo hapo chini ya jengo letu, mtaa wa Flemingdon Park, Toronto, na miaka yote niliyokaa pale nimeshuka mara mbili, mara moja nikiwa nimepotea.

Haja ya kushuka sikuiona. Mwewe wenyewe walinifuata. Dume na jike, mikia yao rangi ya kutu, walijenga kiota cha vijiti kwenye ukingo wa jengo la jirani, chini kidogo ya dirisha la chumba chetu cha nyuma. Humo ndimo nilimokuwa na kiti changu, kamera, na lenzi ndefu ambayo mke wangu aliiita bazuka. Nilipiga picha mwewe akila njiwa, mwewe akila kindi, mwewe akinitazama kama anayepima uzito wangu. Kitu kimoja tu kilinishinda: kinda anaporuka kwa mara ya kwanza. Mwaka wa kwanza nilikuwa chooni. Mwaka wa pili nilikuwa pale pale kitini, lenzi imeelekea penyewe kabisa, nami nakoroma. Nikaapa kwamba mwaka wa tatu hanikwepi mtu. Nikaomba likizo yangu yote pale ghalani nilipokuwa nafanya kazi iangukie Juni.

Mwaka huo huo, mwishoni mwa baridi, mke wangu akajifungua mtoto wa kiume. Mama yake akaja kutoka Morogoro kumlea mzazi, akapewa chumba cha nyuma.

Sasa, upande wa mke wangu, ukwe hauna mzaha. Mkwe humtazami usoni. Huketi naye kochi moja. Mkikutana njiani mmoja anapisha, na korido yetu ilikuwa ya kupita mtu mmoja na nusu, kwa hiyo nilikuwa nakohoa kabla ya kutoka popote, mpaka jirani akatuletea dawa ya kifua. Lifti ikija nami nimo, mama anangoja nyingine. Chumba anacholala ndiyo kabisa, hata akiwa hayumo. Kanga zake zimetundikwa mle, kitanda chake kiko mle. Utaingia una kichwa gani?

Asubuhi ya kwanza nilisikia sufuria likigongwa mwiko.

"Toka! Toka, mwizi wee!"

Nikamkimbilia mke wangu jikoni. "Mama anamfukuza mwewe!"

"Sasa ulitaka amkaribishe chai? Mama kafuga kuku tangu hajaolewa."

"Mwambie aache. Ni ndege wangu."

"Mwambie mwenyewe. Si mwanaume wewe?"

"Unajua siwezi kuongea naye."

"Basi ngoja mwewe akuombee."

Sufuria lilipigwa siku kadhaa. Mwewe hakutikisika, huyo ni ndege wa Toronto, kazoea ving'ora. Aliyekuwa akitikisika ni mimi, nimejibanza sebuleni. Halafu asubuhi moja, theluji ya mwisho inaanguka, kukawa kimya. Kupitia ukuta nikamsikia mama akiongea na mtoto.

"Mume wangu," alimwambia, maana ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wa kiume, "mwambie baba yako kwamba yule ndege kumbe analalia mayai. Mzazi hafukuzwi."

Nikasogea mlangoni, nikakohoa. "Mwanangu, mwambie bibi asante sana."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Lakini tangu siku hiyo akawa ndiye simu yetu. Kila asubuhi mama alimpakata dirishani akasoma taarifa ya habari. Mume wangu, mwambie baba yako mayai yamepasuka. Mwambie makinda ni mawili, yana manyoya kama pamba. Mwambie yule mama mtu hawafuniki wanawe vizuri, na upepo wote huu, hana mtu wa kumfundisha? Na siku moja, kwa sauti kubwa kuliko siku zote:

"Mume wangu, mwambie baba yako, yule dume namsifu. Tangu alfajiri kaleta nyama mara tatu. Hashindi ndani na bukta."

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia friji.

Kamera ilipelekwa ndani na mke wangu. Kwanza alijaribu yeye. Tukapata picha nzuri sana za kidole gumba. Baadaye mama akasema leteni hapa nione. Picha zake alizipiga kama mtu anayevunja nazi, kwa nguvu na bila kuangalia, lakini mwewe walikuwemo, wengine hata na vichwa. Nilishukuru kupitia mtoto. Moyoni sikushukuru. Nilitaka kumwona yule kinda kwa macho yangu, anaposimama ukingoni bila kujua kama mabawa yale yanafanya kazi. Miaka miwili nimemkosa. Na mama alikuwa anarudi Morogoro mwisho wa Juni. Makinda yangeondoka kabla yake.

Likizo ilipofika nikaweka kiti cha plastiki koridoni, mgongo kwa mlango wa chumba, kama askari wa benki. Mlango ukawa unaachwa wazi kidogo.

"Unalinda nini?" mke wangu akauliza, akipita kiubavu na beseni la nguo.

"Nasikiliza mwewe."

"Likizo nzima. Wenzako wanakwenda Niagara."

Siku ya nne au ya tano, sikumbuki, taarifa zikabadilika sauti. "Mume wangu, mwambie baba yako mmoja kasimama ukingoni. Anapunga mabawa. Karudi ndani. Katoka tena. Jamani, mama yake kamwita kutoka mtini, kashika nyama hampi! Anataka aifuate!" Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili. Halafu ikaja sauti ambayo haikumpitia mtoto.

"Baba! Ingia! Ingia upesi, anaruka! Mila tutaiomba radhi baadaye!"

Nikaingia. Naapa niliingia mbio kuliko nilivyowahi kukimbia katika nchi ile, hata nyuma ya basi. Nikafika katikati ya chumba, mbele yangu dirisha, mbele ya dirisha mama mkwe, na macho yangu, yaliyofundishwa adabu miezi yote hiyo, yakashuka chini yenyewe. Nikayaamuru yainuke. Yakakataa. Niliona zulia. Niliona miguu ya mama mkwe, imevaa soksi zangu za sufu nilizozitafuta tangu Machi.

"Umemwona?" mama akapaza sauti. "Umemwona alivyokwenda? Kama jani! Halafu kama ndege!"

"Nimemwona, Mama," nikaliambia zulia.

Nilipoinua kichwa, ukingo ulikuwa na kinda mmoja tu, anashangaa kama mimi.

Jioni tukafungua kamera. Mama alikuwa ameishika tayari, lakini alipogeuka kuona kama nimefika kidole kikabonyeza. Picha ya siku ile ni moja: mwanaume mwenye bukta, ameinamisha kichwa, mikono kifuani, utadhani anapokea mwili wa marehemu. Mke wangu alilazimika kutoka nje kupata hewa.

Mama aliomba isafishwe, kubwa, akaondoka nayo. Naambiwa imetundikwa ukutani kwake Morogoro, na mgeni akiketi tu anaonyeshwa: "Huyu ndiye mkwe wangu wa Kanada. Tazama heshima. Ndege anaruka, yeye hata hainui macho."